Ngobyi Hainyang'anywi

Nilipokuwa mtoto, kabla hawajaniletea mdogo, mama yangu alikuwa na jina moja tu hapa Mulongwe, mjini Uvira: Mama Mapendo. Mapendo ndiye mimi. Sokoni, kanisani, kule mtoni ambako wanawake walifua nguo na kufua pia majina ya watu, wote walimwita kwa jina langu. Nilikuwa nalisikia likipita nyumba kwa nyumba, nikatembea kichwa juu kama muntu mwenye nguo mpya. Kisha akazaliwa Zawadi. Hata kitovu chake hakijakauka vizuri, jirani yetu Mama Shabani, muuza chumvi na sabuni, akasimama mlangoni na kuita:

"Mama Zawadi! Weye, Mama Zawadi, uko?"

Nilitoka mimi. Nikamwambia, "Huyo hakai hapa." Nikafunga mlango.

Mpaka leo familia yetu ikikusanyika, iwe msiba iwe harusi, lazima tusimuliwe jinsi Zawadi alivyolelewa. Namna alivyokataa bugali bila mchuzi wa mikeke, samaki wa ziwa letu. Namna alivyoanza kutembea akimfuata kuku wa Mama Shabani. Neno lake la kwanza wanasema lilikuwa "mama", na mimi niliyekuwepo nasema lilikuwa "yaya", yaani mimi mkubwa wake, lakini nani anasikiliza bibi kizee? Ya kwangu hakuna anayeyakumbuka. Bila shaka nilianza kutembea siku fulani, maana natembea, ila sina shahidi. Jambo moja tu wanalikumbuka kunihusu mimi: kwamba mimi ndiye niliyemwita Zawadi.

Huko kwetu wanasema mtoto mdogo akiinama, kichwa chini, akachungulia nyuma katikati ya miguu yake, anamwita anayemfuata. Anamwona huko anakotoka, anamfungulia njia. Mama alinihadithia mara nyingi: "Ilikuwa asubuhi, nafagia. Ukainama pale mlangoni, ukaangalia sana, ukacheka. Minye nikasema, basi, mugeni anakuja. Ni weye ulimuitaka." Akisema hivyo, alinishika shavu, na mimi niliona uchungu kupita kiasi. Yaani shida yote hii nimejitafutia mwenyewe! Laiti ningebaki nimesimama wima siku ile.

Sasa nieleze ngobyi. Ni ngozi ya kondoo, imelainishwa kwa siagi mpaka inakuwa laini kama sikio, ya kubebea mtoto mgongoni. Ya kwetu ilitoka Rurambo, kule juu kwenye ng'ombe na baridi, kwa mama yake mama yangu. Yeye mwenyewe alibebwa humo, mama yangu akabebwa humo, na mimi pia. Kwa familia yetu ngobyi hainyang'anywi. Mtoto aliyeita mwenzake ndiye anayempa mwenzake ngobyi, kwa mkono wake, bila kulazimishwa. Ikichukuliwa kwa nguvu, au yule mkubwa akikataa kabisa kuitoa, mgeni anajua kwamba hakukaribishwa, na anarudi alikotoka.

Mimi nilikataa.

Nilikuwa mtoto wa kama miaka mitano, miguu yangu ilishaning'inia mpaka magotini pa mama, lakini ngobyi nililala nayo, nikala nayo, nikaenda nayo hata chooni. Ilinuka siagi na moshi na mgongo wa mama. Mama alipombeba Zawadi kwa kitenge, nilimtazama yule mtoto na kujisemea: kitenge hiki ni cha kila muntu, hata magunia ya mihogo yanafungwa na kitenge. Nilifurahi sana.

Watu walikuja kunibembeleza kama mimi ndiye chefu anayetawala Uvira nzima. Baba akaleta pipi. Nilikula, nikasema hapana. Mama Shabani akaleta mikate ya mafuta, ile ya moto. Nikala.

"Sasa, binti yangu, utamupa mudogo wako?"

"Mikate ilikuwa midogo," nikamjibu.

Akacheka, akamwambia mama, "Huyu wako, siku ya kuolewa kwake, ng'ombe wa Rurambo hawatatosha." Nikaona nimesifiwa.

Mama peke yake hakuniomba. Alinitazama tu, akaendelea na kazi zake. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa kuwa jibu la mama nilikuwa nimeliandaa tangu mwanzo.

Ndipo bibi akashuka kutoka Rurambo kumwona mjukuu mpya, kibuyu cha maziwa kichwani. Alikuwa muntu wa kanisa, akiimba tenzi hata akikuna mgongo, lakini mambo ya ngobyi hakuyaona kuwa ugomvi na Mungu. "Mungu ndiye anayepana," alisema, "lakini mutoto ndiye anaita." Alipomkuta Zawadi kwenye kitenge na mimi kwenye ngozi, hakunipigia kelele. Alikaa chini, akaniweka mbele yake.

"Mujukuu wangu, mugeni ukimuita unamupa kiti. Ukimunyima kiti, atarudi kwao."

"Arudi."

"Kwao unakujua?"

"Hapana."

"Ni kule hatutamuona tena. Na mama yako atabaki na mugongo mutupu, anakuangalia weye."

Nikawaza maneno hayo. Mgongo mtupu ulikuwa ndio nilioutaka. Lakini ile "anakuangalia weye" sikuipenda.

Maneno ya bibi hayakukawia kutimia. Zawadi akashikwa na homa, akakataa ziwa. Dispanseri walimpa dawa ya maji, akaitapika. Alilia mwanzoni, halafu akaacha kulia, na kimya chake kikawa kibaya zaidi. Hakuna aliyenitajia ngobyi tena. Wanawake wa mtaa walinitazama tu, wakageuka, kisha wakaanza kusemezana wakidhani mimi ni kiziwi: "Ni ule mukubwa wake. Ana roho ngumu. Anamurudisha." Na mmoja akaongeza, "Masikini Mama Zawadi." Yaani hata katika kunisema waliniibia jina.

Hata mgonjwa akiwepo, ndagala, vile visamaki vya ziwani, lazima zianikwe. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha: mama alizinunua asubuhi wavuvi walipoleta mitumbwi ufukoni, akazitandaza mchangani, akazigeuza mpaka zikauke. Siku ile tulikuwa ziwani, mama, mimi na Zawadi. Mama hakumfunga mgongoni. Alimshika mikononi, kifuani, amtazame uso anavyopumua. Ndagala zilikuwa zimetanda kama shuka la fedha, na upande wa milima kukaanza kuwa kweusi.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Wanawake wote wakakimbilia samaki zao, wakakusanya kwa mikono miwili. Mama alikuwa na mkono mmoja. Alipiga magoti, akawa anakokota ndagala kwenye beseni kwa kiganja, mtoto amemkumbatia kwa mkono wa pili, na kila akizoa, nusu zinamwagika. Matone ya kwanza yakaanguka. Mama akaacha kuzoa. Hakuita muntu. Alikaa tu mchangani, akamwekea Zawadi kivuli kwa kichwa chake, akaziacha ndagala zetu zilowe.

Sijawahi kumwona mama akiacha kazi. Pale ndipo niliogopa. Na katika kuogopa nikapata akili ambayo mpaka leo naisifu, maana hakuna mwingine wa kuisifu. Niliona hivi: mtoto akienda mgongoni kwa mama ndani ya ngobyi, nimekosa vyote, ngozi na mgongo. Lakini akikaa ndani ya ngobyi mgongoni *kwangu*? Mgongo wa mama utabaki wangu.

Nikaenda mbele yake, nikamnyoshea ngozi kwa mikono miwili.

"Mupatie. Lakini minye ndiye namubeba."

"Utamuweza?"

"Nilimuitaka, nitashindwa kumubeba?"

Mama alinitazama. Halafu akaniinamisha, akamlaza Zawadi mgongoni mwangu, akaifunga ngobyi kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu. Nikatembea naye mpaka chini ya paa la nyasi ambako wavuvi huweka nyavu, na nyuma yangu nikamwona mama anazoa ndagala kwa mikono miwili, haraka, haraka, kama yule mama ninayemjua. Mvua ikanyesha. Nilisimama pale nikimpembeza, nikimwambia kwa sauti ndogo, "Karibu basi. Karibu, weye mubaya." Akalala. Jioni alinyonya.

Nesi alisema ni dawa, imeanza kufanya kazi. Bibi alisema ni ngobyi. Mama alisema ni Mungu. Mimi nilisema ni mgongo wangu, na nikakataa kumshusha. Nilimbeba mpaka mabega yakaota alama. Mtaa mzima ukasifu: tazameni yaya anavyompenda mdogo wake! Wacha waseme. Mimi nilikuwa nalinda mgongo wa mama. Kwamba katika kuulinda nilimzoea yule mtoto, pumzi yake shingoni, mate yake kwenye nywele zangu, hilo lilikuja lenyewe, sikulipangia.

Miaka imepita. Mama alipofariki, ngobyi ilibaki kwa Zawadi, eti kwa sababu alikuwa anakaa karibu zaidi. Sikusema kitu, nililisema kwa watu wengine tu. Majuzi mjukuu wake akaolewa (wajukuu wake wanaolewa upesi kuliko wangu, na hilo nalo tuliache), na Zawadi akataka kumpa bibi harusi ile ngozi. Asubuhi ya harusi tumekaa kwenye mkeka, tunachambua maharage, akaitoa kwenye mfuko.

"Yaya," akasema, "kuna neno mama aliniambiaka mbele ya kufa."

Alimwambia *yeye*, nikafikiri. Siyo mimi. Yeye!

"Alisema hukuinamaka. Hata siku moja. Alijua wivu wako, akaona akikuambia ni weye uliniita, utaniona kama kitu chako. Alibuni tu, Yaya. Ile ya kufagia, ile ya kucheka, yote."

Akawa ananitazama kwa lile jicho lake la kitukutu, jicho ambalo alilipata kwangu. Nikafanya hesabu upesi. Kama sikuinama, sikumwita. Kama sikumwita, ngobyi haikuwa yangu kutoa, wala leo haihitaji mkono wangu. Anaweza kumpa mjukuu wake mwenyewe, na kuongeza hadithi nyingine ya kwake kwenye zile hadithi zake.

Na nikamwona mama mlangoni, na ufagio, tumbo kubwa, anamtazama binti yake mdogo mwenye kichwa juu, asiyeinama, anayejua jina moja tu la mama yake. Anatafuta cha kunipa kabla hajaninyang'anya kila kitu. Akanipa Zawadi.

Sikuwa tayari kumrudishia.

"Mama alikuwa muzee," nikamwambia. "Alisahau. Na weye ulikuwa wapi siku ile, ushuhudie? Niliinama. Nilikuona. Ulikuwa unakuja kichwa chini, mubaya hivyo hivyo."

Zawadi hakucheka. Aliikunja ngobyi taratibu, akaiweka mapajani pangu, maharage yakamwagika.

"Basi peana weye," akasema.

Nje walikuwa wanamwita bibi harusi. Niliiweka ngozi puani. Siagi imekwisha, moshi umekwisha, lakini mgongo bado upo. Nilimwacha bibi harusi asubiri kidogo.