Bosi Atoe Uchawi Kwanza

Mtani wangu Kondo hakuwahi kumwamini mtu kwa maneno. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, macho hayatulii. Chumba chetu pale Al Muraqqabat, Dubai, kililaza wanaume sita, na ni yeye peke yake aliyelala na viatu chini ya mto. Ukimpa chai, anakurudishia kikombe. "Toa uchawi kwanza." Kwetu hiyo ni desturi ya heshima tu: mwenye kukaribisha huonja kidogo, mgeni ajue hamna sumu. Kondo aliigeuza sheria. Hata muuza duka wa chini aliwahi kuamriwa aonje mtindi wake mwenyewe. Akaonja huku akicheka. Kondo hakucheka.

Mimi Deus ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ana ruhusa ya kumtania Mzaramo mpaka kaburini. Nilimwambia siku ya kiama atamtaka malaika aonje pepo kwanza. Lakini kazini nilimpenda. Tulikuwa tunasafisha vioo vya nje vya majengo, tukining'inia kwenye jukwaa la chuma lililoshikwa na waya kila upande, tuliloliita kikapu, na huko juu heri mwenzako awe na wasiwasi kuliko awe jasiri.

Mwaka 2007 Dubai nzima ilikuwa na haraka. Asubuhi moja tulipelekwa kwenye hoteli ya ghorofa tisa huko Deira. Tulipokijaribu kikapu, tukakiinua kidogo tu, upande wa kushoto ulisita, ukajivuta, king'ora kikalia. Kondo akakishusha, akatoka, akavua glovu.

"Sipandi."

Msimamizi wetu aliitwa Muhanna, wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia Ghuba zamani. Kiswahili chake cha Unguja kilikuwa kitamu kuliko changu, na kwa sababu hiyo hasa Kondo alimshuku kuliko mabosi wote. "Bosi akikusemesha vizuri kwa lugha yenu," aliwahi kuniambia, "jua kuna kitu anakitaka."

"Wee Kondo, king'ora hicho chalia mwezi mzima sasa," alisema Muhanna. "Nani kafa? Mwenye hoteli ana harusi leo jioni, ataka vioo vyake. Yalla, pandeni."

Kondo hakuutazama waya wa kushoto hata mara moja. Alikuwa anamkodolea macho Muhanna, anatafuta uongo usoni mwake kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Arbab," alisema, maana ndivyo bosi anavyoitwa kule, "kama ni salama, toa uchawi kwanza. Panda na sisi."

Nilijua tutafukuzwa. Wasimamizi hawapandi, kazi yao ni kusimama kivulini na simu. Muhanna alitazama juu, akatutazama sisi, akatabasamu.

"Hayo tu? Bibi yangu kanifunza hayo sijajua hata kusoma."

Akaingia kikapuni na viatu vyake vya ngozi.

Uso wa Kondo ulilegea. Sikuwahi kumwona hivyo. Miaka yote alikuwa anamngoja mtu anayekubali kuonja bila kunung'unika, na sasa amempata. Tena huyu alikuwa mgeni wake, maana yeye ndiye aliyemkaribisha. Mikanda ya usalama tulikuwa nayo miwili, wake na wangu. Akauvua wake, akamvalisha Muhanna, akakaza vifungo mwenyewe, akainasa ndoano kwenye kamba iliyoshuka kutoka paani.

"Utapanda bila mkanda wewe?" nilimuuliza.

"Mtani, bosi mwenyewe yumo humu. Unaogopa nini?"

King'ora kilianza kulia tulipopita ghorofa ya kwanza. Muhanna akakizima. Mbele ya magoti yetu, ubavuni mwa kikapu, palikuwa na picha tuliyoiona kila siku kwenye kila kikapu, watu wawili wa rangi nyekundu. Kikapu kilikuwa cha watu wawili. Waya ulikuwa umeshalalamika, nasi tukauongezea mtu wa tatu ili tuhakikishe ni salama.

Ghorofa ya tatu, upande wa kushoto ukaachia. Mimi na Muhanna tukabaki tunaning'inia kwa mikanda yetu. Kondo alipita katikati yetu. Muhanna alimdaka ukosi wa shati, na ukosi ndio uliobaki mkononi mwake.

Aliangukia turubai la mlangoni, kisha sakafuni. Hakufa. Nyonga ilivunjika na miguu yote miwili, na daktari akasema mmoja hautakunjika tena maisha yake yote.

Pale chumbani kila mtu alisema Muhanna alijua. Nami nilitaka sana iwe kweli alijua, niipe hasira yangu pa kukaa. Nilimchunguza, nikauliza huku na huko, nikazipima hata salamu zake. Sikupata kitu. Mtu anayejua waya utakatika haingii humo na viatu vya ngozi. Aliamini kila neno alilotuambia, na hilo liliniuma kuliko uongo. Kondo alikuwa hodari wa kunasa waongo, akakutana na mkweli aliyekosea.

Muhanna alikuja hospitali na boksi la juisi ya embe. Alimimina kwenye glasi, akaonja bila kuombwa, akamkabidhi Kondo kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nishatoa uchawi, ndugu yangu. Kunywa."

Kondo aliipokea glasi. Alimtazama Muhanna usoni, kidogo tu, akaacha. Akanigeukia mimi.

"Mtani, lete hilo boksi. Nisomee tarehe."

Nikaligeuzageuza mpaka nikaiona. Nikamsomea: juisi ilikuwa imebakiza miezi minne kabla ya kuisha muda wake.

Ndipo akanywa.