Mlio Mmoja

Fundi wa kompyuta wa Msambweni hafungui mashine ya mtu bila kupiga hodi. Hugonga kasha kwa kidole alichokikunja, husubiri kidogo, ndipo hushika bisibisi. Bi Fauzia alikuwa amempelekea kompyuta yake kuukuu, iliyokataa kuwaka tangu aitupe memori yake na kuitilia nyingine kubwa kutoka Mombasa. Ndani, kwenye diski, mlikuwa na nyimbo za harusi alizoimba marehemu mamake, na Ijumaa bintiye alikuwa anaolewa.

"Memori yako si mbovu, mamangu," fundi akamwambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto alale. "Ni mgeni mkubwa mno. Bodi hii ya zamani haimuwezi." Akatia mkono katika mkebe wa biskuti uliojaa memori kuukuu, akatoa moja, akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akainusa, akaipachika, akawasha. Mashine ikalia mara tatu. "Amebisha mara tatu, hakujibiwa," akasema, akiichomoa kwa adabu. "Muungwana huondoka." Iliyofuata ikalia vivyo hivyo. Kila moja aliisugua, akainusa, akaiaga, na Bi Fauzia keshaanza kuvuta mtandio machoni. Mara ikapachikwa nyingine, mashine ikalia mlio mmoja tu, na kioo kikawaka. Fundi alimtazama Bi Fauzia, nyusi juu, akingoja, hadi mama huyo akatambua kwamba mwenye nyumba ni yeye.

"Karibu!" akaitika.

Na kigelegele cha kwanza cha harusi ile akakipiga fundi.