Kona ya Kipicha

Wifi yangu alikuwa hafungui video. Mtaa mzima ulilijua hilo na ulimtania nalo. Runinga janja ilining'inia ukutani saluni kwake, kubwa kuliko kioo cha wateja, imeunganishwa na intaneti, lakini yeye alichotaka ni vile vipicha vya misuko tu, vile vinavyopangwa safu safu kwenye skrini ili mtu achague cha kutazama. Mteja akija anakalishwa, anapewa rimoti, anaulizwa, "Kichwa gani leo?" Mteja anateremka navyo polepole mpaka jicho linanasa kimoja. Hapo wifi anachomoa simu, anakipiga picha palepale kwenye skrini, kisha anaanza kusuka, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele.

"Si ufungue basi uone wanavyoanzia," nilikuwa namwambia.

"Nikifungua nitaanza kusikiliza maneno yao. Kichwa nimeshakiona, kuna nini tena?"

Simu yake ilijaa visogo vya wanawake asiowajua. Ukiiazima kutafuta picha moja ya familia, unapita kwenye visogo mpaka unasahau ulichotaka. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, kichwa hakiumi, na watu walivuka saluni tatu nne kumfuata yeye.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu. Kaka yangu, fundi vigae, ndiye aliyemleta wifi pale akiwa bibi harusi, na ndiye aliyetoboa mlango wa kutokea barabarani ili mkewe apate mahali pa kazi. Baadaye akapata kazi ya ujenzi nje ya nchi, akaondoka. Mwanzoni alipiga simu mpaka tukawa tunagombania kuzungumza naye. Kisha simu zikawa za kuhesabika, kisha namba ikawa haipatikani kabisa. Tuliuliza kwa kila aliyewahi kufanya kazi huko. Mmoja akatuambia kuna jengo liliporomoka, mafundi wakafia ndani, na wengine hawakutambulika. Tangu siku hiyo mama akaanza kulala mchana.

Kaka na wifi hawakujaliwa watoto. Nalitaja mara moja tu, maana kwetu halikutajwa. Mama alikataza, na aliyethubutu kumgusia wifi habari hiyo alikiona cha moto.

Miaka ikapita, baba mdogo akachoka kusubiri. Alikuja akatukalisha sebuleni, akasema tumhesabu kaka yangu kuwa marehemu, tukae msiba, yaishe. "Na huyu binti ajulikane ni mjane," akasema. "Apewe heshima yake, na chumba cha mbele kiwe chake, mtu asije kumsumbua." Mama akaitikia kwa kichwa. Wifi akasema atafuata watakavyo wazee. Mimi nilichukia, nikatoka nje nikaubamiza mlango, ila moyoni niliona ni afadhali kwake. Mjane anapewa pole. Mimi niliyerudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda najua wengine tunapewa nini: tunapewa maswali.

Siku ya msiba ikapangwa. Sakafu ya saluni ilikuwa imebanduka karibu na mlango, nami nikaona aibu wageni waje wajikwae. Mchana ule wifi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Nikachukua rimoti nikaiuliza runinga namna ya kubandika vigae, vikaja vipicha vya sakafu tupu. Nikawa nateremka navyo.

Chanuo likamdondoka wifi. "Rudi juu."

"Wapi?"

"Rudi juu, wifi! Hapo!"

Mwanamume amepiga magoti kwenye sakafu inayong'aa, nyundo ya mpira mkononi, anacheka meno yote nje. Ameota kitambi. Maandishi ya lugha tusiyoijua yamempita kifuani. Kidevuni ana kovu, na kovu lile nilimtia mimi tulipokuwa wadogo, kwa mfuniko wa sufuria. Kaka yangu alikuwa hai, tena amenona.

Kwa pupa nikabonyeza. Video ikafunguka. Bwana mwingine kabisa akatokea, akakoroga saruji, akaongea, akapima kwa uzi, akaongea tena. Tuliitazama mpaka mwisho, na mteja wetu mwenye nusu kichwa akitazama pia, na kaka yangu hakutokea hata kisigino. Walimweka juu ya video kuvutia watu tu. Niliporudi nyuma, runinga ilikuwa imeshajipangia vipicha vingine, chake hakipo.

"Ndiyo maana huwa sifungui," wifi akasema, taratibu, bila kunitazama.

Nilitamani kuitupa rimoti barabarani. Ilibidi tuhangaike mpaka tukapata orodha ya video zilizokwisha kutazamwa, na kipicha kikawa hapo. Wifi akakipiga kwa simu kama anavyopiga vichwa vyake. Kikatoka na mistari, mwanga wa dirisha ukampiga kaka usoni, na kifuani kwake akaonekana wifi mwenyewe kama kwenye kioo, ameinua simu. Kwa nywele ilitosha siku zote. Kwa sura ya mtu haikufaa kitu.

Mama aliisogeza simu puani, akaiondoa. "Huyu si wewe, mwanangu?" akamuuliza wifi.

Baba mdogo hakubishana sana. Alisema wafiwa wote huona sura za watu wao, na msiba uko palepale.

Basi tukaenda kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, wanamwita Flashi. Nilimpa barua pepe na nywila ya runinga yetu, akaingia nazo kwenye kompyuta yake, akaipata ile video, akakitoa kipicha chenyewe kutoka kwenye mtandao, kikubwa, safi. Kovu likaonekana mpaka mshono wake. Wifi akashika meza.

"Kwenye TV wanabandika kale kaboksi keusi ka kuonyesha dakika," Flashi akasema, "pale chini, kulia. Kwenye picha yenyewe hakamo."

Wote tulikuwa tumeona. Pale palipokuwa na kile kiboksi alichutama mtoto mdogo, ameshika mwiko wa fundi kwa mikono miwili, amemwinulia kaka yangu uso unaocheka. Masikio yalimtoka nje, yale masikio ya marehemu baba tuliyotaniwa nayo shuleni sisi sote.

Flashi si mjinga. "Naweza kukata hapa," akasema, akionyesha kwa kalamu. "Kona inaondoka, mtu hajui."

"Kata," nikasema haraka.

"Acha kama ilivyo," wifi akasema. "Mama analilia mtu mzima. Apewe picha nzima."

Mama alipoipata alilia, akacheka, akaitukana kidogo ile sura kama anavyotukanwa mtoto aliyechelewa kurudi. Kisha kidole chake kikafika kwenye kona kikasimama. Akamtazama wifi. Akapeleka dole gumba, akaifunika kona. "Amenenepa," akasema. Wifi akaitikia kwamba ni kweli, amenenepa, akarudi kwa wateja wake.

Msiba ukafutwa. Habari za chumba cha mbele hazikusemwa tena. Baba mdogo alipita kutusalimu, akaongea habari za mvua, akaaga. Wateja ndio hawakuwa na haya. "Kumbe yupo? Sasa anarudi lini? Ana mke huko?" Wifi alisuka tu. Niliwafokea wawili watatu mpaka nikaonekana mimi ndiye mwenye matatizo.

Siku moja mama akaniita chumbani, akafunga mlango. "Mwambie yule mpiga picha anikuzie ile kona. Mtoto peke yake. Wifi yako asijue."

"Mama! Huoni aibu?"

"Naona," akasema. "Lakini ni mjukuu wangu, na miye nimeshazeeka. Nifanyeje?"

Nilikwenda nimenuna. Nilikwenda haraka pia, sitajisafisha, maana na mimi nilitaka kumwona.

Flashi akashangaa. "Mbona mwenzako amechukua leo asubuhi? Hiyohiyo, mtoto peke yake." Akanichapia nyingine, akaitia kwenye bahasha.

Nilimkuta wifi saluni. Runinga imezimwa. Machanuo na makopo ya mafuta yamo kwenye beseni, na mfuko wake wa nguo uko mlangoni. Kwa ndani mlango wa mama ulikuwa wazi, nikamwona amekaa kitandani, picha ya mtoto iko mapajani, imeshatiwa fremu.

"Nimempelekea mama," wifi akasema. "Nilijua anaitaka, anaona haya kusema."

"Unakwenda wapi?"

"Nimepata chumba karibu na soko. Nitakuwa nakuja kumsuka."

"Nani kakufukuza? Nitajie nikamtoe meno!"

Akacheka kidogo, kisha uso ukamkunjamana akajifuta kwa kanga. "Hakuna, wifi. Nilikuwa tayari kuwa mjane wake. Hili lingine sikujiandaa nalo, na siwezi kulizoea humu."

Nikabeba beseni, bahasha nikaibana kwapani.

"Mwanangu!" mama akaita kutoka chumbani, kama alivyomwita wifi miaka yote. "Njoo umwone anavyocheka!"

"Abee, mama," wifi akaitika kwa sauti ileile ya siku zote, akauchukua mfuko wake, akatoka.