Taa ya Breki ya Bwana Shamba

Harufu ya petroli iliyochanganyika na majani makavu ya mgomba ndiyo inayonirudisha kwetu Nyakisasa, mwaka wa vita ya Kagera. Petroli ilikuwa ya pikipiki ya baba, na majani ya mgomba yalikuwa blanketi lake, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa kila king'aacho kifichwe ili ndege za adui zisikione. Mabati ya ofisi ya kijiji yalilazwa majani, sufuria zikaanikwa chini ya migomba, na kuna mwalimu alimshauri mkewe apunguze kujipaka mafuta usoni, jambo lililotuchekesha mpaka tukashika mbavu. Sisi watoto hatukujua hasa adui yuko upande gani. Mpaka tulioufahamu ni ule wa Rusumo, na ng'ambo yake tulikuwa na wajomba waliokuja kwetu harusini, wakala, wakacheza ngoma. Kwa hiyo vita kwangu ilikuwa jambo la kuchanganya tangu mwanzo. Ilikuwa redioni, ilikuwa kwenye nyuso za kina mama ambao vijana wao walichukuliwa, lakini ukichungulia nje unayaona maharage yanachanua kama kawaida.

Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka vijiji vyetu vya ujamaa akiwafundisha watu kupanda kwa mistari, kazi ambayo ilimpatia marafiki wachache na wapinzani wengi, maana hakuna mkulima anayependa kuambiwa mistari yake imepinda. Serikali ilimpa pikipiki, na baba aliitunza kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenziwe. Siku ilipoletwa alituita sote uani, mimi, mama, na bibi aliyemzaa yeye, akatuambia kuwa hii ni mali ya umma na hakuna wa nyumba hii atakayeipanda. Hakuwa na haja ya kutuambia. Kwetu, kiti cha baba hakikaliwi na mwingine maadamu yeye bado yu hai. Kigoda chake cha miguu mitatu kilisimama karibu na mafiga mwaka mzima, na hata akiwa safarini wiki nzima, mama angekaa chini sakafuni akamenya ndizi kando yake. Kiti cha pikipiki tulikihesabu vivyo hivyo. Nilikipangusa vumbi kila asubuhi, lakini kukikalia sikuwahi hata kuota.

Maneno yalianza na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bukuru. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda vitani, na tangu siku hiyo mzee akawa anatembea huku anatazama juu, akisikiliza ndege. Jioni moja alikuja kwetu akasimama mlangoni. Mama akamwamkia, yeye akamjibu bila kumtazama, akasema na baba moja kwa moja: "Bwana Shamba, taa yako ya nyuma inawaka. Ile nyekundu. Ukipanda kilima kile, inaonekana mpaka kwangu." Baba hakuchukia. Alimchukua mpaka kwenye pikipiki, akafungua ufunguo, akachuchumaa nyuma, akaibonyeza pedali ya breki kwa mkono wake. Taa ikawaka. Akaiachia, ikazima. Akarudia, na taa ikatii kila mara. "Unaona mwenyewe, mzee," akasema. Mzee Bukuru aliitazama taa, akamtazama baba, akaondoka akitikisa kichwa.

Kesho yake alirudi na jirani wa pili aliyeiona pia. Baba akachukua bisibisi. Alilegeza springi ndogo inayounganisha pedali ya breki na swichi yake, kwa kuwa ikikaza sana huivuta swichi na taa hubaki inawaka. Akafungua swichi akaipangusa, akachomoa glopu akaipuliza, akakaza nati za betri. Akajaribu: bonyeza, inawaka, achia, inazima. Hakukuwa na kasoro yoyote. Akaosha mikono, akala, akaridhika. Asubuhi akaondoka zake kwenye ukungu.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa na jembe langu la kwenda nalo shamba la shule, na baba alinipita pale penye mteremko, akanipungia. Nikamtazama akishuka, kisha akipanda ng'ambo ya bonde, na taa nyekundu ikiwaka mgongoni mwake. Haikuzimika. Nilifikiri labda anashika breki, lakini ni nani anayeshika breki akipanda mlima? Nilifumba jicho moja, nikafumba la pili, nikayasugua yote mawili. Taa iliwaka mpaka ikamezwa na ukungu. Siku nzima sikusikia mwalimu anasema nini. Baba yangu hasemi uongo, hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Na macho yangu yameona. Sasa kipi nikiache? Jioni baba aliingia uani akitukabili, akazima ufunguo kabla hajashuka, kama alivyofanya siku zote kubana petroli, na ile taa sikuiona. Nikamfuata mama jikoni nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, taa ya baba inawaka?" Mama aliendelea kupepeta maharage. "Baba yako amesema haiwaki," akanijibu.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtaani yakatoka maneno mapya, yenye akili kuliko ya kwanza. Wakasema Bwana Shamba anaiwasha akiwa njiani na kuizima akifika nyumbani, na mtu hafanyi hivyo bila sababu. Wengine wakauliza anamwonyesha nani njia. Mtoto mmoja shuleni aliniita binti wa msaliti, neno ambalo sikulielewa, nikamuuliza mwalimu maana yake, naye akaniambia nikafute ubao. Baba alimtuma mtu kijiji cha Mabawe kumwita fundi Samweli, ambaye kazi yake hasa ilikuwa redio na baiskeli. Samweli alishinda uani siku nzima na pikipiki, akaifuata waya kutoka betri hadi taa pale ilipoonekana, akaitikisa, akaisukuma kwa mkono kuzunguka nyumba huku ufunguo umefunguliwa na mimi nikikimbia nyuma kuitazama taa. Haikuwaka. Baba akamwambia kwa shida, kwa kuwa fundi ni fundi, kwamba akitaka aipande aijaribu. Samweli akarudi nyuma hatua nzima. "Nikae kwenye kiti cha mtu ambaye bado yuko hai?" akasema, akacheka, na baba akacheka pia, kwa kuwa lilikuwa jibu la mtu mwenye adabu.

Mama alipendekeza glopu itolewe tu, mambo yaishe. Hapo ndipo nilipomwona baba amekasirika. "Nikiitoa nitakuwa nimekubali," akasema. Kijiji kilipomtaka aendeshe mbele ya watu wote waone, alikataa vilevile, akisema petroli ya serikali haikutolewa kwa maonyesho. Ubishi wa baba ulikuwa wa mtu anayejijua kuwa ni mkweli, na huo haushikiki.

Jumapili moja baada ya misa wakaja: mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bukuru, mgambo wawili na fundi Samweli, aliyeitwa awe shahidi. Pikipiki ingechukuliwa, na baba angekwenda nayo Ngara kujieleza. Nilijua maana ya kwenda kujieleza. Yupo mtu wa kijiji cha pili aliyekwenda hivyo, na mkewe bado alikuwa anamsubiri. Mama aliwatolea viti vyote tulivyokuwa navyo. Baba akaivuta pikipiki katikati ya uwanja, akaisimamisha kwenye stendi yake, akafungua ufunguo, akachuchumaa, akabonyeza, akaachia. Taa ikawaka, ikazima. Mzee Bukuru alisimama akiwa analia, ndiyo, analia, mzee mzima. "Nimeiona jana! Mwanangu yuko kule, na mimi nimeiona jana! Nyani haoni kundule!" Baba aliyekuwa mtulivu akamwita mwongo mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mmoja wao lazima alikuwa anadanganya, na nilijua kwa macho yangu kuwa si Mzee Bukuru.

Bibi ndipo alipotokea, wa mwisho kurudi kutoka kanisani kwa sababu ya magoti yake. Hakujua wageni wamefuata nini. Akauliza kwa Kihangaza kama hakuna hata mtu mmoja wa kumpa kiti, na kwa kuwa watu walikuwa wanagombana, hakujibiwa. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Bibi akasonya, akajivuta mpaka kwenye pikipiki, akakaa juu yake upande upande na uzito wake wote. Mama alifunika mdomo. Mimi nilikuwa nyuma, na taa nyekundu ikawaka mbele ya macho yangu.

Mgambo mmoja akapiga kelele. Bibi alidhani anakemewa. "Nimemzaa mimi huyu!" akafoka. "Kiti chake kina nini nisikikalie?" Baba alikuja nyuma polepole, akaiona. Alimwomba mama yake asimame, taa ikazima. Akamwomba akae, ikawaka. Mgambo wa pili akasema bibi anabonyeza kitu, akatazama mikono yake, ikawa na rozari tu. Walimsimamisha na kumkalisha mpaka akachoka akadai uji. Samweli akakifungua kiti, akakigeuza. Vipande vya raba vinavyokiinua kisigusane na nyaya vilikuwa vimedondoka zamani. Mtu akikaa, bati la kiti lilishuka likazikandamiza nyaya mbili zilizochubuka, umeme ukapita kwenda kwenye taa bila kuulizwa. Akazifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakata raba mpya kwenye soli ya kandambili, kazi ikaisha kabla uji wa bibi haujapoa.

Wageni walicheka sana, kicheko cha watu walioogopa. Baba hakucheka. Alimwendea Mzee Bukuru, akamwambia macho yake yalikuwa mazima na kwamba amemkosea. Walipoondoka alitugeukia. "Na ninyi mlikuwa mkiiona?" Mama akatazama chini. Mimi nikasema, "Ndiyo, baba." Hakutuuliza kwa nini hatukumwambia. Alisimama pale ameweka mkono juu ya kiti, na uso wake sikuwahi kuuona vile, tena sikuupenda.

Vita iliisha, mwana wa Mzee Bukuru akarudi, baba naye akazeeka na akafa akiwa na heshima zake. Siku hizi Nyakisasa pikipiki zimejaa, na vijana hukaa juu ya pikipiki ya mtu yeyote wakipiga soga. Mimi naishi Biharamulo na nina wajukuu, na wajukuu wa sasa hawana breki ya mdomo. Jumapili iliyopita, nimejipamba, niko mlangoni, mmoja wao wa miaka sita akanizunguka nyuma akatangaza mbele ya wageni: "Bibi, gauni umeligeuza, mishono iko nje." Nikafikiri, mtoto gani huyu, katika nyumba yetu nani angethubutu? Kisha nikaingia chumbani kulivua, na nikiwa humo peke yangu nikamlilia baba, aliyevipanda vilima vyote vile bila kuwa na hata mmoja nyumbani kwake wa kumwambia.