Sabuni yangu na mutoto ambaye sina

Leo asubuhi mama mmoja wa Minago amenishukuru kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia.

Mnajua hapa Rumonge nafanya kazi peke yangu. Nachemsha sabuni ya mawese, naikata, naiuza. Mwezi uliopita meseji zilinizidi, nikaweka akili bandia kwenye telefone iwajibu wateja kwa jina langu.

Basi huyu mama akashuka kwenye pikipiki, mutoto mgongoni.

"Amahoro, mama. Nimekuja kuongeza sabuni. Ulisema wako ilimponyesha."

"Wangu nani?"

"Mutoto wako. Si ulisema naye alikuwa na vipele, ukamuogesha na sabuni hii, vikaisha?"

Mimi sina mutoto.

Akafungua telefone, akanionyesha. Meseji iko pale, kwa jina langu, na kamoyo kekundu mwishoni.

Kisha akamshusha mutoto, akafunua nguo. Mgongo wote vidonda, vingine vinatoa maji. Dawa ya kituo cha afya alikuwa ameiacha kwa sababu yangu.

Nikamwambia ukweli, kwamba ni mashine iliyomjibu, si mimi. Hakunigombeza. Nadhani hata huo ukweli hakuuamini.

Tulienda wote kwa daktari. Mutoto amepewa dawa, wamesema atapona.

Ile akili bandia nimeizima. Sasa nasoma meseji ilizowatumia wateja moja moja, na hata zile nzuri siziamini.

Kama uliniandikia mwezi huu, tafadhali niambie hapa chini: nilikujibu nini?