Miguu ya Mama Mkwe

Evon Tulik hakuwa na mbwa wa maana wa kuvuta sleji, wala nyumba isiyovuja. Alikuwa na ndege kuukuu ya viti vinne, yenye miguu ya kutelezea theluji, na alikuwa na mdomo. Kijijini kwetu, kando ya Mto Kuskokwim, hakuna aliyekula samaki naye asisomeshwe: injini ikizima, shusha pua ya ndege, chagua pa kutua, kagua mafuta, jaribu kuwasha. Padri alilijua somo hilo kuliko Baba Yetu.

Aliyegoma kupanda ni mama mkwe wake, Nastasia. "Debe tupu haliruki," alisema. Lakini dada yake Nastasia akaitisha karamu kijiji cha juu, na pikipiki ya theluji ya Nastasia ikafa. Akaja amekumbatia ndoo ya akutaki, mafuta yaliyopigwa pamoja na beri mpaka yakawa laini kama povu.

"Mama, ndoo tuiweke nyuma."

"Uimwage? Weka mdomo wako nyuma."

Akaibana sakafuni kati ya viti viwili vya mbele, ubavuni mwa mkono wa kufungulia na kufunga mafuta ya injini, akafunika vyote kwa gauni lake. Kwetu mkwe hapapasi miguuni pa mama mkwe. Evon, aliyekuwa amekagua ndege msumari kwa msumari, akatazama dari.

Juu ya mto injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Umeizima ili unisomeshe?"

"Imezimika yenyewe, Mama."

"Basi na ijiwashe yenyewe."

Evon akashusha pua. Pa kutua palikuwepo, mto umeganda. Mafuta sasa. Mkono wake ukashuka, ukagusa gauni, ukaruka kama uliogusa jiko.

"Mama... samahani... miguu..."

"Miguu yangu ina nini?"

"Haina kitu, Mama. Mizuri tu."

"Tunakufa, na wewe unanisifia miguu?"

Barafu ikawajia mbio. Evon akasukuma mlango wazi, kama alivyofundishwa, usije ukakwama wakianguka.

"Unaruka uniache, mwanaharamu!"

"Ndio utaratibu, Mama!"

Wakagonga barafu, wakadunda, wakateleza. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwenye tundu la barafu alisogeza kigoda chake, akaendelea kuvua.

Ndege iliposimama, Nastasia aliinua ndoo kwanza. Ule mkono wa mafuta ulikuwa umelala upande wa kufunga.

"Kichuma hiki kilinichoma kifundo njia nzima," alisema. "Nikakisukuma kwa ndoo."

Evon akakirudisha upande wa kufungua. Injini ikawaka papo hapo.

Karamuni Nastasia alisimama na mwiko mkononi. "Wakwe zenu wana maneno. Wangu ana adabu! Angekufa, aniue na mimi, kuliko kuniambia nisogee." Bakuli la kwanza la akutaki likaenda kwa Evon. Akaila, jicho lake kwenye ile ndoo.

Siku ya kurudi Evon alisimama mlangoni mwa ndege.

"Mama, leo unakaa nyuma."

"Nani kasema?"

"Rubani."

Nastasia akamtazama juu mpaka chini, akakunja gauni, akapanda nyuma.

"Haya," alisema. "Kumbe yupo."