Kaa Katikati ya Wawili

Nakumbuka, mwanangu Kabula, siku mjomba wangu Masanja aliposimama kwenye shamba letu la pamba kule Kharumwa akacheka mpaka akashika kiuno. Baba alikuwa amenipa kipande nipalilie peke yangu. Nilianza pembeni, nikaona ndege, nikamfuata. Niliporudi nikaanzia katikati. Halafu nikakumbuka zizi limebomoka, nikaenda kulijenga. Jua lilipofika utosini magugu yalikuwa bado yamesimama, na mimi natiririka jasho.

"Mvivu huyu," baba akasema.

"Shemeji, mvivu hatoki jasho hivi," mjomba akamjibu, akanigeukia. " Wewe kijana, umelima au kuku wameparua? Kesho uje kwenye ngoma."

Mjomba aliongoza kundi la vijana waliolima kwa ngoma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akanipanga katikati ya wawili watulivu. Ngoma ikalia, majembe yakashuka pamoja. Akili yangu ilipotaka kuruka, jembe la jirani liliirudisha. Ngoma ikinyamaza tunakunywa togwa. Ikilia tunainama tena. Nilipofika mwisho wa tuta nikageuka, nikaona mstari wangu mzima, safi. Machozi yakanitoka.

"Vipi, jembe limekukata?" wakanicheka.

Sikupona, usidanganyike. Mpaka leo nikienda dukani kununua misumari narudi na kuku; muulize mama yako. Lakini nyumba hii ya Kalangalala nimeijenga mimi niliyeishia darasa la tatu, na kwenye mashimo ya dhahabu sikushuka hata mara moja bila mwenzangu juu, kashika kamba.

Jana umenipigia unalia. Daktari kakwambia una hiyo ADHD, akili isiyotulia, vitabu unavianza huvimalizi, sasa unataka kuacha chuo. Baba yako sijui kupaka maneno mafuta: usirudi. Chumba chako kipo, uji wa mama yako upo, lakini uje likizo, usije kwa kukimbia. Hujashindwa kulima, mwanangu. Umelima peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tafuta wawili waliotulia, ukae katikati yao mkisoma. Simu hiyo inayokupotezea muda, ifanye ngoma: ikilia unasoma, ikilia tena unapumzika, unyooshe miguu. Kazi ya mwalimu ikiwa shamba zima, wewe tazama tuta moja. Mwalimu mwenyewe mwambie hali yako, na ya daktari fuata kama alivyosema. Atakayekuita mvivu, mwache; hajaona jasho lako. Mimi naliona kutoka huku, maana ni langu.

Mungu akuwekee watu wema wawili, kushoto na kulia. Siku ukifika mwisho wa tuta, geuka uangalie nyuma, ulie ukitaka. Kisha unipigie simu, hata kama nimelala.